Tunataka kuleleana watoto kwa zamu, tuanzie wapi?

SWALI: Naishi Tabata, Dar es Salaam, nina watoto wawili. Dada wa kazi aliondoka sikukuu iliyopita akasema anarudi, hakurudi, na si mara ya kwanza. Majirani zangu wana shida hiyo hiyo. Tuko familia saba zenye watoto tisa, mdogo ana miezi mitano na mkubwa ana miaka sita. Wawili kati yetu ni wauguzi wanaoingia zamu za usiku, mmoja ni mwalimu wa shule ya msingi, mmoja ana duka la vitenge Kariakoo, mmoja ni fundi cherehani anayeshonea nyumbani, mimi niko ofisini, na wa saba ni baba anayefanya kazi bandarini kwa shifti, mkewe yuko masomoni. Tunataka kuleleana watoto bila kulipana fedha: leo wako kwangu, kesho wangu kwako. Mume wangu anasema tutagombana kabla mwezi haujaisha. Tuhesabuje ili asiwepo anayenyonywa? Tunahitaji kibali? Na kuna jirani wa nane anayetaka kujiunga, mwanawe ana mtindio wa ubongo na hatembei. Tumjibu nini? (Mama Ilham, Tabata)

JIBU: Mama Ilham, mumeo ana hoja, ila nadhani anauangalia mlango usiofaa. Watu wakifikiria mpango kama wenu humwogopa mdoezi, yule atakayeleta wanawe kila siku na wa wenzake hawapokei. Huyo mtamjua ndani ya wiki mbili, na mkiwa na daftari hatakuwa na pa kujificha. Anayevunja vikundi vya namna hii mara nyingi ni mwingine kabisa. Ni mama anayepokea watoto wa wenzake wiki baada ya wiki na saa zake zinapanda, lakini yeye mwenyewe anaona haya kuomba. Hataki kuonekana mzigo. Anajiambia ataomba siku akiwa na shida ya kweli, na siku hiyo ikifika anampigia mama yake Morogoro badala ya kumgongea jirani. Baada ya miezi michache amechoka, ana kinyongo, anaanza kutoa udhuru, na wenzake hawaelewi walimkosea wapi. Karibu kila ninachowashauri hapa kinalenga kumlinda huyo.

Kabla ya hesabu, chukueni karatasi kubwa mchore wiki nzima, kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku, na kila mtu mzima ajaze ni saa zipi yuko nyumbani, macho wazi na mikono mitupu. Nimejaribu kuwachorea kwa maelezo uliyonipa. Jumanne saa 4 asubuhi wewe uko ofisini, mwalimu yuko darasani, mwenye duka yuko Kariakoo. Muuguzi aliyetoka zamu ya usiku amelala, na anapaswa kulala. Baba wa bandarini hutegemea shifti. Anayebaki ni fundi cherehani.

Hapo ndipo penye hatari, na hakuna aliyekusudia ubaya. Kwa kuwa anashonea nyumbani, kila mtu anamwona yupo yupo. Lakini cherehani ndiyo ofisi yake. Akiwa na watoto watatu miguuni, sare za shule alizoahidi Ijumaa hazishoneki, na pasi ya moto, mkasi na sindano vinakuwa hatari kwa watoto hao hao. Mkimwachia asubuhi zote za wiki atakusanya saa nyingi kiasi kwamba hata nyote sita mkiamua kumlipa hamtaweza, kwa sababu yeye hana haja ya kuachiwa nafasi ya saa hamsini kwa wiki. Daftari litasema anadai sana, na mfuko wake utakuwa mtupu.

Kwa hiyo nakwambia mapema jambo ambalo huenda hukutaka kulisikia: zamu za kupokezana haziwezi kubeba siku nzima ya kazi, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa familia ambazo wazazi wengi wako kazini saa zile zile. Zinabeba vizuri sana pembe za siku. Alfajiri kabla kituo hakijafunguliwa, jioni foleni inapokushika, usiku wa zamu ya muuguzi, Jumamosi ya duka, siku mtoto ana mafua na kituo hakimpokei, siku ya msiba. Pembe hizi ndizo zinazowafanya watu waajiri dada wa kulala hapo hapo, na ndizo zinazowavunja moyo akiondoka. Katikati ya siku mtahitaji njia nyingine: kituo cha kulelea watoto mchana kilicho karibu, shule ya awali kwa wakubwa, au familia saba kuchanga na kumwajiri mlezi mmoja anayelipwa vizuri na kurudi kwake jioni. Mlezi anayelipwa na familia saba anaweza kupata mshahara ambao familia moja haiwezi kumpa, na mwenye mshahara wa kutosha na jioni yake mwenyewe ana sababu ya kurudi baada ya sikukuu.

Sasa hesabu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kuna kikundi kimoja Marekani kilichopita njia hii kabla yenu na historia yake imeandikwa vizuri.

Huko Washington, katika mtaa wa Capitol Hill, familia zaidi ya mia moja, nyingi zikiwa za watu waliofanya kazi Bungeni na serikalini, ziliunda ushirika wa kuleleana watoto. Walitumia vikaratasi vilivyosimama badala ya saa. Ukitaka kutoka jioni unamlipa aliyekulelea kwa vikaratasi, naye atavitumia siku yake. Joan na Richard Sweeney, waliokuwa wanachama, waliandika kisa hicho mwaka 1977 katika jarida la wachumi wa fedha, na baadaye mchumi Paul Krugman akakifanya kijulikane dunia nzima. Kilichotokea ni hiki. Vikaratasi vilianza kuadimika. Sehemu moja ya sababu ilikuwa ada ya uendeshaji, iliyolipwa kwa vikaratasi hivyo hivyo na kuvipunguza mikononi mwa watu. Kila familia ikaanza kuvitunza kwa ajili ya shida ya kesho. Wote walitaka kulea ili waongeze akiba, wachache walitaka kutoka ili watumie. Na kwa kuwa jioni ya mmoja ya kutoka ndiyo nafasi ya mwingine ya kulea, kazi ya kulea ikakosekana, watu wakazidi kubana, na watu wazima wenye nia njema wakajikuta wamejifungia ndani na watoto wao wenyewe. Viongozi wakatunga kanuni ya kuwalazimisha watu watoke. Kilichosaidia hasa ni kuongeza vikaratasi. Walipogawa zaidi, watu wakalegea, wakaanza kutoka, nafasi za kulea zikarudi. Baada ya muda wakazidisha, vikawa vingi mno, kila mtu anataka kutoka na hakuna wa kubaki.

Ninyi mko saba na wao walikuwa mia na zaidi, lakini ugonjwa ni ule ule. Akiba ya saa haina faida ikikaa tu. Kwenye vikoba mmezoea kuogopa anayekopa asirudishe, na hofu hiyo ni ya haki, kwa kuwa fedha ikienda imekwenda. Katika kuleleana, anayekopa saa anawapa wenzake nafasi ya kupata za kwao. Bila mtu wa kwenda hasi, hakuna wa kwenda chanya.

Kwa hiyo msitumie vikaratasi. Kwa ukubwa wenu vinapotea na mtoto atavitafuna. Tumieni daftari la kaunta, lile la jalada gumu, lenye safu moja kwa kila familia. Kila familia inaanza na sifuri. Ukipokea mtoto unaongezewa, ukipeleka unapunguziwa, na tarakimu ni ile ile pande zote mbili. Mwisho wa mwezi mkijumlisha safu zote saba lazima mpate sifuri. Isipokuja sifuri kuna mahali pameandikwa upande mmoja tu, mrudi nyuma mpaka mpaone.

Wekeni mipaka miwili. Wa chini uwe hasi 40: aliyefika hapo hapeleki tena, isipokuwa kwa dharura, mpaka apokee. Mpaka wa juu uwe chanya 40, na huu ndio vikundi vingi husahau. Aliyefika hapo hapewi watoto wa wenzake mpaka atumie saa zake. Fundi wenu akigonga 40, mlango wake unafungwa kwa kanuni, bila yeye kulazimika kufungua kinywa kukataa. Kwa mtu mwenye haya, kanuni inayokataa kwa niaba yake ni msaada mkubwa sana.

Viwango viwe vichache. Saa moja ya mtoto mmoja ni alama moja. Ndugu wawili wa nyumba moja wakija pamoja ni alama moja na nusu kwa saa. Kuanzia saa 4 usiku hadi saa 11 alfajiri mtoto akiwa amelala, saa inahesabiwa nusu. Msiongeze viwango vingine mwaka wa kwanza. Kila kiwango kipya kinazaa mabishano yake, na Mama fulani atataka Jumapili iwe na bei yake.

Tuone ukurasa mmoja. Ijumaa, Ilham na mdogo wake wako kwa fundi kuanzia saa 11 jioni hadi saa 2 usiku. Ni saa tatu, ndugu wawili, alama nne na nusu. Safu ya fundi inaandikwa +4.5, ya kwako -4.5. Usiku huo huo muuguzi anampeleka mwanawe kwa mwalimu saa 12 jioni, anamchukua saa 2 asubuhi. Toka saa 12 hadi saa 4 usiku ni saa nne kamili. Saa 4 usiku hadi 11 alfajiri ni saa saba, nusu yake tatu na nusu. Saa 11 alfajiri hadi saa 2 asubuhi ni tatu. Jumla 10.5. Mwandike pale pale mlangoni, kabla mtoto hajavaa viatu, wote wawili mkiona. Hesabu ya kukumbuka baadaye ndiyo chanzo cha maneno. Mpige picha ukurasa kila Jumapili jioni na kuutuma kwenye kundi lenu la WhatsApp, ili kila mtu aone safu ya kila mtu.

Mnaona pia kwamba muuguzi mwenye zamu nne za usiku kwa mwezi atafika hasi 42 akipeleka tu. Ndiyo maana nimesema 40 na siyo 20. Anazirudisha siku zake za mapumziko, na wauguzi huwa nazo katikati ya wiki, wakati ambao ninyi wengine hamna mtu. Katika ramani yenu wauguzi wawili ni mali. Sharti moja tu: aliyetoka zamu ya usiku asipewe mtoto siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Mtu ambaye hajalala huzimika akiwa amekaa.

Anayechelewa kumchukua mtoto bila taarifa ahesabiwe mara mbili kwa muda aliochelewa. Foleni ya Barabara ya Mandela mnaijua wote, haihesabiwi kuwa dharura.

Katibu apokezane kila baada ya miezi mitatu. Kazi yake ina jasho, basi kila familia nyingine impe nusu saa kwa mwezi, jumla alama tatu kwa familia sita, ziende moja kwa moja kwenye safu yake. Msianzishe mfuko wa saa za kikundi. Capitol Hill walijiumiza kwa mlango huo. Na kazi kubwa ya katibu ipo kwenye simu, kuliko hata kwenye kuandika. Kila mwezi amtafute kila aliyepita chanya 20 amuulize: unazichukua lini, Jumamosi ipi? Asimuulize kama anazihitaji. Akimuuliza kama anazihitaji atajibiwa, aa, mimi niko sawa tu. Apangiwe tarehe, na jina la atakayempokelea. Wengi wakishaonja Jumamosi moja ya kwenda saluni au kulala mchana bila mtu kuita mama, mara ya pili hawasubiri kupigiwa.

Kuhusu fedha ninyi wenyewe mmesema hamtaki, shikilieni hapo hapo. Kishawishi kitakuja siku mwenye duka atakapokuwa hasi 35, biashara imechanganya, akasema niwape elfu kadhaa tumalizane. Kataeni kwa upole. Saa ikishapata bei, mwenye nacho atanunua daima na asiye nacho atalea daima, na baada ya mwaka mtakuwa na familia nne zinazonunua na fundi aliyegeuka dada wa kazi wa mtaa. Teruko Mizushima alipoanzisha benki yake ya kazi za kujitolea huko Osaka, Japani, mwaka 1973, akina mama wa nyumbani waliweka na kuchukua saa kwa thamani moja, bila kujali kazi ilikuwa ya kupika au ya kumwangalia mgonjwa. Msingi huo ndio ulioipa heshima kazi ya mtu ambaye sokoni isingelipwa. Chakula na pampasi kila mzazi alete vya mwanawe, vikiwa na jina. Anayehama mtaa alipe saa zake ndani ya miezi miwili, na zikibaki deni mgawane kwa usawa mlifute. Akiwa anadai, mmpe mwezi wa mwisho azitumie wakati anafunga mizigo. Atazihitaji.

Fedha ina uzito pia katika swali lako la kibali. Kupokelea majirani watoto kwa zamu, kila mtu nyumbani kwake, bila malipo, ni ujirani. Siku mkikodi chumba, mkaajiri mlezi, watoto wakawa wanakusanyika hapo kila siku, mmeanzisha kituo, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo vya kulelea watoto mchana visajiliwe. Msisubiri mpaka mtu awaripoti. Nendeni kwa afisa ustawi wa jamii kabla hata ya kuamua, mwelezeni mpango wote, mumuulize mstari uko wapi kwa kata yenu. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa naye ajue. Na jibu hubadilika nchi kwa nchi. Mwaka 2009 huko Buckinghamshire, Uingereza, polisi wawili wanawake waliokuwa wakigawana kazi moja na kuleleana watoto siku za zamu waliambiwa na mamlaka ya ukaguzi kwamba wanavunja sheria, kwa kuwa kila mmoja kumlelea mwenzake kulihesabiwa kuwa malipo. Watu wakapiga kelele nchi nzima, na serikali ikarekebisha kanuni. Nawaambia hili na wasomaji wetu walioko ughaibuni: ulizeni kwanza.

Idadi. Kwa watoto wa chini ya miaka miwili, vituo vya Uingereza hubanwa na kanuni ya mlezi mmoja kwa watoto watatu, na hao ni watu wasio na sufuria jikoni wala mteja mlangoni. Kwenu nyumbani ningesema mtu mzima mmoja asizidi watoto wanne kwa jumla, wa kwake wakiwemo, na kati yao wa chini ya miaka miwili wasizidi wawili. Mtoto wa miezi mitano abaki kwa nyumba mbili tu kwa sasa, zile zile. Mtoto wa umri huo anahitaji harufu na sauti anayoijua. Mama yake amekwisha maliza siku 84 za likizo ya uzazi, lakini sheria ya ajira inampa muda wa kunyonyesha wa hadi saa mbili kwa siku, kwa hiyo mojawapo ya nyumba hizo iwe ile anayoweza kuifikia toka kazini. Maziwa anayokamua yakae kwenye friji, joto la Dar halisamehe, na apewe kwa kikombe.

Usalama ni sehemu ambayo sitaki mlegeze hata kidogo, na najua ina aibu yake. Kabla ya mtoto yeyote kupelekwa popote, tembeleeni nyumba zote saba, watu watatu watatu, chumba kwa chumba. Angalieni ndoo na mapipa ya maji. Mtoto anayetambaa anazama katika ndoo iliyojaa nusu, bila kelele, wakati mtu ameenda kupokea simu. Ndoo zifunikwe au zimwagwe, tangi la chini lifungwe kwa kufuli. Mafuta ya taa na dawa ya chooni visikae kwenye chupa za soda. Karanga, korosho na pipi ngumu, hapana kwa walio chini ya miaka minne. Kichanga alazwe chali, ndani ya chandarua. Asibebwe mtoto kwenye bodaboda.

Halafu ulizeni nani anaishi humo. Mjomba aliyetoka kijijini, kijana wa kidato cha tano, mpangaji wa chumba cha uani, fundi bomba anayekuja kila siku wiki hii. Kila mtu mzima atakayebaki na watoto akubaliwe kwa jina, na wote saba mkubaliane, mmoja akikataa inatosha na haulizwi sababu. Aliyepokea mtoto hamkabidhi kwa mwingine, hata kwa nusu saa ya kwenda dukani. Kuogesha na kumpeleka mtoto chooni ni kazi ya aliyekubaliwa tu, mlango ukiwa wazi. Wafundisheni wakubwa kwamba hakuna siri kati ya mtoto na mtu mzima, na mtoto akisema hataki kwenda nyumba fulani, asipelekwe siku hiyo, mkae naye mumsikilize. Mkiwa na wasiwasi wowote, simu ya huduma kwa mtoto ni 116, haina gharama.

Kila mtoto awe na bahasha yake nyumba anakopelekwa: nakala ya kadi ya kliniki, namba za simu tatu, mzio alio nao, kadi ya bima kama ipo, na barua fupi ya mzazi inayoruhusu atibiwe. Homa ikipanda anapigiwa mzazi na mtoto anapelekwa kupimwa malaria. Asipewe dawa ya mtoto mwingine iliyobaki kabatini. Mtoto mgonjwa wa kuharisha au macho mekundu anabaki kwao, na saa zilizokuwa zimepangwa zinafutwa bila faini.

Umeniambia kuna baba mmoja kati yenu. Nafurahi yumo kwa jina lake, maana familia nyingine sita bado naziona kwa mama tu. Ukisema familia imejiunga, baba wa nyumba hiyo awe anajua safu yao imesimama wapi. Atakayekubaliwa na wote kubaki na watoto abaki nao, na saa zake zina thamani ile ile. Aliyekubaliwa ila hataki kubaki nao apeleke wa miaka sita shule asubuhi na kuwarudisha, na asiyekubaliwa ashike daftari. Vinginevyo mtakuwa mmehamisha mzigo kutoka kwa dada wa kazi kwenda kwa akina mama saba, na waume wamepata jioni tulivu bila kujua zimetoka kwa nani. Mumeo anayetabiri ugomvi angefaa sana kuwa katibu wa kwanza.

Anzeni kwa mwezi mmoja wa majaribio, familia zote saba, jioni na Jumamosi tu. Mwezi ukiisha mkae, safu zikiwa mezani. Mtu aliyebaki karibu na sifuri kwa sababu hakupeleka wala kupokea ndiye wa kuzungumza naye kuliko aliye hasi.

Nimemwacha jirani wa nane mwisho kwa sababu jibu lake linategemea yote haya. Karibuni naye. Swali litakalowapa shida ni kama saa ya mwanawe ihesabiwe mara mbili, kwa kuwa kumhudumia ni kazi zaidi. Wapo watakaosema ndiyo, na hoja yao si mbaya. Mimi nasema ihesabiwe moja. Mkiihesabu mbili atafika hasi 40 kwa jioni chache, atafungiwa mlango, na yeye ndiye mwenye haja kubwa kuliko ninyi wote ya kupumzika mgongo. Tofauti ya kazi ibebwe na kikundi kwa njia nyingine: mtoto huyo akiwepo, aliyempokea hapewi mtoto mwingine wa nje saa hizo.

Chagueni nyumba mbili zilizo tayari, na mama yake azifundishe mwenyewe, kwa siku kadhaa, akiwa hapo. Atawaonyesha namna ya kumkalisha wima wakati wa kula, uji uwe mzito kiasi gani ili asipaliwe, kijiko kiingie kwa upande upi, anavyogeuzwa akilala, na degedege likimshika afanywe nini: alazwe ubavu, asitiwe kitu mdomoni, muda uangaliwe kwenye saa, na likipita dakika tano akimbizwe hospitali. Mambo haya yeye anayajua kuliko mtaalamu yeyote mtakayemwita, na saa anazotumia kuwafundisha ziandikwe kwenye safu yake kama saa za kulea.

Tegemeeni atakuja akisema yeye atapokea watoto wa wenzake kwanza, wa kwake ngoja ngoja. Amezoea kuomba radhi kwa kuwepo kwake. Msikubali. Mwezi wake wa kwanza aanze kwa kupokewa mtoto, Jumamosi mbili zenye tarehe, hata kama safu yake itasoma hasi 10 kabla hajampokea wa mtu yeyote.